Chumba cha Mbele kwa Bi Mgeni

Tarsis hakukusudia kusema uongo. Ulimtoka siku ya harusi yake mwenyewe, nyumbani kwao Bukoba, watu wakiwa wamekaa juu ya majani makavu yaliyotandazwa ndani ya msonge wa baba yake. Mjomba mmoja wa bibi harusi alimuuliza, "Huko Dar es Salaam unalala wapi?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kwa Wahaya mwanamume mzima ana kibanja chake, shamba la ukoo, na nyumba yake katikati ya migomba yake. Asiye navyo ni mtoto bado, hata akiwa na mvi. Tarsis alikuwa karani katika duka la vyuma la Natvarlal kule Uhindini. Siku hiyo alivaa viatu na koti, na ukoo mzima ulikuwa ukimtazama.

"Nina nyumba," akasema.

"Ya vyumba vingapi?"

"Sita."

"Na vyote hivyo wavifanyia nini?"

"Nimepangisha."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Baba yake, Mzee Kyaruzi, alijiinua kidogo pale alipokaa, akapokea mrija wa pombe kama mtu aliyepewa haki yake.

Yote aliyoyasema juu ya nyumba ile yalikuwa kweli, isipokuwa mwenyewe nani. Ilikuwapo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya miti na udongo iliyopakwa chokaa na kuezekwa madebe yaliyopasuliwa. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani palikuwa na jiko na choo. Lakini mwenye nyumba alikuwa Bi Mgeni, mjane wa Kizaramo. Marehemu mumewe, Safari, aliyekuwa fundi seremala, ndiye aliyeijenga. Bi Mgeni alikaa chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barazani na kitanda cha samadari alichokichonga mumewe. Tarsis alipanga chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, ambacho kitanda kilipoingia mlango haukufunguka wote.

Baada ya harusi alirudi pwani peke yake. Mkewe, Severa, alimwacha kwa baba yake, akisema atamwita nyumba ikishatengenezwa. Ukapita mwaka, ukaingia wa pili. Kila msafiri aliyetoka kwao alimletea swali lile lile, naye kila mara alijibu kuwa fundi bado.

Siku moja ya mwaka 1934, mtu aliyeshuka kwenye treni ya bara alifika dukani akamwambia, "Baba yako yuko njiani pamoja na mkeo. Niliwaacha Tabora. Mzee amesema kama fundi hamalizi, atakuja kumsimamia mwenyewe."

Jioni hiyo Tarsis alimfuata Bi Mgeni jikoni. Alikuwa akimwita mama tangu mwaka aliopanga, kwa kuwa alipougua homa mama huyo ndiye aliyemnywesha uji.

"Mama, baba yangu anakuja. Ni mzee, na ametoka mbali. Na mke wangu. Chumba changu unakijua."

Bi Mgeni hakungoja amalize. "Mzee wa watu hawezi kulala kule. Atalala kwangu mbele. Mimi nitajibanza kwa Siwema."

Siwema alikuwa mpangaji mwenzake, mwuza samaki wa kukaanga. Chumba chake hakikuwa kikubwa. Tarsis alijua kwamba hapo ndipo pa kusema ukweli. Angeweza kusema, mama, huko kwetu nilijisifu, nisaidie. Huenda angecheka. Badala yake alisema, "Mungu akuzidishie, mama," akatoka.

Mzee Kyaruzi alifika na kanzu iliyojaa vumbi la safari, fimbo mkononi, na kifurushi kilichofungwa kwa magome ya mgomba alichokataa kumpa mtu mwingine akishike. Alisimama mbele ya nyumba akaitazama toka mlangoni mpaka paani. Macho yake yalilowa. Hakujua Kiswahili, ila neno moja moja.

Bi Mgeni alitoka barazani amejifunga kanga safi. "Karibu, mzee wangu, karibu. Hapa ni kwako."

"Anasemaje?" mzee aliuliza kwa Kihaya.

"Anasema hapa ni kwako," alijibu Tarsis.

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. "Ana adabu mpangaji wako. Mwambie akae kwa amani, sikuja kumfukuza mtu."

"Naye anasemaje?" aliuliza Bi Mgeni.

"Anakushukuru kwa ukarimu wako."

Ndipo Severa, aliyekuwa nyuma na mkeka wake kichwani, alipopiga goti na kusema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe unasema."

"Nilifundishwa na masista."

Tarsis aligeuka ghafla. Siku chache walizokaa pamoja baada ya harusi walizungumza Kihaya tu, na hakuwahi kumuuliza masista walimfundisha nini. Alimtazama mkewe. Severa alikuwa ameinamisha macho, akikung'uta vumbi kwenye mkeka, taratibu mno.

Mzee alipoonyeshwa chumba cha mbele na kile kitanda, alisita mlangoni. "Na wewe mwenyewe unalala wapi?"

"Nimekuachia wewe, Baba. Sisi tutalala chumba cha nyuma."

Mzee alimshika bega. Hakuwa mtu wa kumshika mtu bega.

Kila siku uongo ulihitaji kulishwa. Mzee alikaa barazani kwa Bi Mgeni kama mwenye baraza, akiwaitikia wapita njia kwa fimbo. Moshi wa samaki wa Siwema ulimkera. "Mwambie mwanamke huyu asikaange karibu na mlango wangu."

"Baba anasema samaki wako wananukia vizuri," Tarsis alimwambia Siwema.

Siwema akacheka kwa furaha, akamletea mzee kipande kikubwa kwenye sahani. Mzee akakipokea kama ushuru.

Bi Mgeni alipoingia chumbani mwake kutoa kanga sandukuni, mzee alimuuliza mwanawe kwa nini mpangaji anaingia bila kuitwa. Tarsis alisema ameweka vitu vyake humo kwa muda, chumba chake kinavuja. Kisha akamgeukia Bi Mgeni na kusema kwamba mzee anaomba radhi kwa kumsumbua. "Hanisumbui," alisema Bi Mgeni. "Mwambie babangu alikuwa mkali vile vile."

Kila mara Severa alikuwapo. Kila mara alisikia pande zote mbili, na hakusema neno. Lakini Tarsis aliona kwamba alfajiri anafagia ukumbi wote, kisha anaosha sufuria za Bi Mgeni kabla ya zake, na akienda bombani anarudi na ndoo ya Bi Mgeni kwanza.

"Mbona unafanya kazi za watu?" alimuuliza siku moja, walipokuwa peke yao uani.

"Watu gani?"

Tarsis akaanza kufunga kamba za viatu.

"Nauliza tu," Severa alisema. "Uniambie ni watu gani, nijue."

Alimngoja. Alishika ufagio, akamtazama usoni bila hasira, na akamngoja kweli. Tarsis akasema atachelewa kazini, akachukua koti lake. Alipofika Uhindini hakukumbuka alipita njia gani.

Mzee alikuwa na jambo lake. Siku aliyoondoka Bukoba alichimba mche wa mgomba katika kibanja chake, pale walipozikwa baba yake na babu yake, akauzungushia magome mabichi, akaunywesha maji njia nzima, melini na garini. Nyumba ya mwanawe isingekuwa nyumba bila mgomba wa kwao. Alisubiri apate mahali, na alipouzunguka ua akaona mahali pazuri ni pamoja tu, penye udongo mweusi ukutani kwa jiko, ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa. Hapo palikuwa na kichaka cha asumini.

Asumini ile aliipanda Safari mwaka waliohamia. Bi Mgeni hakuuza maua yake. Kila mwenye harusi mtaani alikuja na kisahani, akachuma, akaondoka. Mwenyewe alijiwekea machache kila jioni chini ya mto.

Siku mzee alipochukua jembe, Bi Mgeni alikwenda kwenye hitima Ilala, Tarsis alikuwa dukani, na Severa alikuwa kwenye foleni bombani. Siwema alisikia jembe likigonga mizizi. Alipotoka, kichaka kilikuwa kimelala chini.

"Mzee, wacha, wacha. Ya marehemu hiyo."

Mzee Kyaruzi alimtabasamia. Alimwonyesha kwa mikono jinsi mgomba utakavyokuwa mrefu, na kivuli utakachowapa wote. Siwema akashika kichwa. Mzee aliona labda hajui ndizi.

Tarsis alipoingia jioni, aliwakuta wote uani. Bi Mgeni alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, bado ana baibui la msibani. Tawi la asumini lilikuwa mapajani mwake. Mgomba ulisimama pale ukutani, mdogo, umefungwa kwa kamba usianguke. Mzee alikuwa kando yake, ana udongo mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake haukuwa na uhakika.

"Muulize baba yako," alisema Bi Mgeni, bila kupaza sauti, machozi yakimtoka. "Sikasiriki. Nataka kujua tu. Kwa nini?"

Tarsis akamgeukia baba yake. "Anasema mgomba ni mzuri."

"Sasa analia nini?"

"Amefiwa. Ametoka msibani." Kisha akamgeukia Bi Mgeni. "Mama, anasema kwetu miti ya namna hii huleta nyoka. Aliogopa kwa ajili yako. Anaomba…"

"Mama," alisema Severa. "Hakusema hivyo."

Siwema aliacha kupepea moto. Severa alikuwa mlangoni mwa ukumbi, ndoo bado kichwani. Aliitua chini kwanza.

"Hakusema hivyo," alirudia. "Wala siku ile ya kwanza hakukushukuru. Mimi nitanyamaza sasa. Mwenye kusema ni yeye."

Bi Mgeni alimtazama Tarsis. Mzee naye, ambaye hakuelewa ila alisikia sauti ya mkamwana wake, alimtazama. Tarsis alitamani mtu yeyote aingie, apige hodi, aulize samaki. Hakuingia mtu.

Alisema kwa Kihaya, akitazama miguu ya baba yake. "Nyumba hii si yangu. Ni ya mama huyu. Mimi ni mpangaji. Nimepanga kile chumba cha nyuma."

Mzee aligeuka akautazama mlango wa ukumbi. "Na kitanda ninacholalia?"

"Chake."

"Yeye analala wapi?"

"Kwa Siwema. Chini."

"Na hiki nilichong'oa?"

"Kilipandwa na mumewe. Alikwisha kufa."

Mzee Kyaruzi aliangalia mikono yake, akaipangusa kwenye kanzu, ikaacha michirizi myeusi. Tarsis alingoja kupigwa. Angeshukuru kupigwa. Lakini mzee alipita mbele yake, akaenda mpaka pale kwenye kinu, akavua kofia, na kwa magoti yake yale ya uzee akapiga goti mbele ya Bi Mgeni, kama mtoto anavyompigia mkubwa. Bi Mgeni alishtuka akataka kuinuka. Mzee akamwashiria akae.

"Tarsis," alisema bila kugeuka. "Utasema maneno yangu. Usiongeze, usipunguze. Mkeo anasikia."

"Ndiyo, Baba."

"Mwambie, nimelala kitandani kwako siku zote hizi na sikukuambia asante."

Tarsis akatafsiri. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mwambie, nilikuita mpangaji. Nilikuamuru nyumbani kwako. Nilikula chakula chako nikadhani ni haki yangu."

Akatafsiri.

"Mwambie, nimeng'oa mkono wa mumeo. Sina cha kulipa."

Akatafsiri, akamsikia Siwema akivuta pumzi.

"Mwambie, mimi si mwongo, lakini nimezaa mwongo, na aliyezaa ndiye wa kulaumiwa. Mwambie hivyo."

Tarsis alirudi hatua moja nyuma.

"Mwambie."

"Anasema," alianza Tarsis, akaacha. Alimtazama Severa akiomba asaidiwe. Severa alikuwa akilia, lakini hakufungua mdomo. "Anasema yeye si mwongo. Anasema amezaa mwongo. Anasema wa kulaumiwa ni yeye."

Bi Mgeni alimshika mzee mikono yote miwili, na udongo wake, akamwinua. "Mwambie baba nimemsamehe toka moyoni. Hakujua. Mgeni hana kosa." Tarsis akatafsiri, na mzee akainamisha kichwa.

Kisha Bi Mgeni akamgeukia mpangaji wake. "Wewe ungeniambia tu," alisema. "Ningekubali. Ningesema nyumba ni yako mpaka baba aondoke. Ningekuita bwana mbele yake, mimi ingenigharimu nini? Hukuniona mtu wa kuambiwa."

"Mama, nisamehe."

"Chumba chako kaa, sikufukuzi, una mke. Lakini usiniite mama. Niite Bi Mgeni, kama wanavyoniita wapangaji wengine."

Jioni ile ile mzee alitoa vitu vyake chumba cha mbele. Aliurudishia mzizi wa asumini udongo, akaumwagia maji asubuhi na jioni mpaka siku ya safari, lakini majani yalikauka yote. Mgomba aliung'oa mwenyewe, akautupa jaani. Siku zilizobaki alilala chini katika chumba cha Tarsis. Mlango ulipofunguka ulimgonga miguu. Hakumsema mwanawe hata mara moja. Alikunja miguu tu kumpisha, na Tarsis alipita juu ya baba yake kwenda kazini, kila asubuhi, akitembea kwa vidole kama mwizi.

Stesheni, kabla hajapanda garini, mzee alimuuliza Severa, "Unarudi nami?"

"Nikirudi wataniuliza nyumba ikoje," alisema Severa. "Nitakaa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kwa mwanawe alisema, "Mtunze," akapanda.

Waliishi chumba kile cha nyuma. Severa alijifunza kukaanga samaki kwa Siwema, akawa anakaa na Bi Mgeni jikoni jioni, na mara nyingine Tarsis aliwasikia wakicheka. Alipoingia, kicheko hakikukatika, ila kilipungua.

Mwaka uliofuata alikuja mtu wa kijijini kwao, Kamugisha, kutafuta kazi bandarini. Alifika moja kwa moja Mtaa wa Sikukuu, akaitazama nyumba kwa furaha. "Ndiyo hii. Mzee alituambia. Mtu akimuuliza anasema, nyumba ya Tarsis ni nzuri, nimelala humo. Halafu huinuka akaenda zake. Siku hizi hakai sana na watu. Kwenye pombe haonekani."

Tarsis alikuwa amemshikia kikombe cha maji. Alikiweka chini. Baba yake, ambaye hakuwahi kusema uongo mbele ya mtu, alikuwa akiusema sasa kwa kijiji kizima, na alikuwa akiwakimbia rafiki zake ili asiulizwe la pili. Na kama Tarsis angefunua jambo lile, mwongo mbele ya watu angekuwa mzee.

Bi Mgeni akapita ukumbini na ungo wa mchele. "Huyu mpangaji wako?" aliuliza Kamugisha kwa Kihaya.

Severa alikuwa akishona mlangoni. Sindano ilisimama.

"Hapana," alisema Tarsis. "Ndiye mwenye nyumba. Mimi napanga kile chumba kule mwisho. Sikuwa na nyumba tangu mwanzo. Ukirudi, waambie wote, na mjomba wa Severa awepo. Waambie niliwadanganya siku ya harusi, nikamdanganya na baba mpaka akafika hapa. Aliyoyasema yeye aliyasema kunifunika mimi. Waambie hivyo kwanza, kabla ya jambo jingine."

Kamugisha alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha. Hakujua atazame wapi. Alilala kwao siku chache, miguu yake mlangoni, akapata kazi, na baada ya miezi kadhaa akaenda kwao likizo.

Kwa muda mrefu hakuja msafiri na salamu. Tarsis hakuuliza. Alijua ujumbe umefika. Alijua pia jinsi watu wanavyocheka wakiwa na mrija wa pombe mkononi, na nani alikaa pale akichekwa.

Kamugisha aliporudi alikuwa na furushi dogo, buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile ambazo Wahaya humpa mgeni wa heshima atafune. Zilikuwa zimefungwa vizuri.

"Mzee amerudi kukaa na watu," alisema. "Siku niliyosema, alikuwapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Ni kweli.' Basi. Hizi ni za mama mwenye nyumba."

"Na mimi amenipa salamu?"

Kamugisha alikuna shingo. "Alisema umpelekee kwa mikono miwili."

Tarsis alilichukua furushi, akapita ukumbini mpaka chumba cha mbele. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama nje akapiga hodi.

"Nani?"

"Tarsis, Bi Mgeni. Baba yangu amekuletea hizi."

Bi Mgeni alitoka, akazipokea, akazinusa. Akaitia moja mdomoni, akakunja uso.

"Hivi ndivyo zinavyoliwa?"

"Hutafunwa polepole. Uchungu ni mwanzoni tu."

Alitafuna kidogo, akifikiri. "Mwandikie kwamba zimefika," alisema. Akaingia ndani. Tarsis alibaki pale ukumbini, mikono bado imenyooshwa mbele, mpaka Severa alipomwita kula.